Nusu Niliyoimegea Picha

Nyumbani, chumba cha uani
9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua kinakupa nafasi na hiyo baridi? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, lakini akisikia umepiga simu hutembea kama halina kitu.

Barua hii nimeianza mara nne, nikaichana. Leo naandika bila kusoma nyuma.

Unaikumbuka kompyuta ya sebuleni, uliyoandikia kitabu chako cha jiografia? Juzi niliifuta vumbi nimpe binti wa shangazi. Nilipofungua mipangilio yake, nikafika kwenye ukurasa wa kumbukumbu.

Mashine ile haikuwa na kumbukumbu ya pekee ya kuchorea picha kwenye skrini. Skrini ilikuwa inamega kwenye kumbukumbu ileile ambayo programu hufanyia kazi. Ukiongezea picha, kazi inabanwa. Niliichagua mwenyewe kwa kuwa bei yake ilikuwa rahisi, na kwa kuandika ingetosha. Sasa nimekuta nusu nzima imepewa picha. Aliyeigawa ni mimi. Nilitaka mchezo wangu wa mbio za magari usikwamekwame, na sikukuambia.

Ndipo ulipofungua ramani zako zote, mashine ikaganda katikati ya kuhifadhi, sura tatu zikaharibika. Nami, fundi mzima, nikasema mbele ya Mama na wageni, “Mashine haina kosa. Kosa ni mikono yako.” Ulikusanya karatasi zako ukaingia ndani, na kitabu hukukigusa tena.

Nisikudanganye kwamba nimejua juzi. Siku ileile niliikumbuka ile nusu. Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa umeshaniamini.

Nimemweleza Mama. Akasema, “Kitabu hakikuwa changu. Mwambie mwenyewe.”

Nimekwenda pia kwa mwalimu mkuu wako wa zamani, maana alikuwepo siku ile. Nilisimama mlangoni kwake nikiangalia viatu vyangu. Aliniuliza kama umebaki na ramani hata moja. Nikamwambia nitakuuliza.

Siombi unijibu upesi. Ukitaka kunisema, niseme mpaka utosheke. Namba yangu ni ileile.

Shangazi na bintiye wanakusalimu, na Mama anakuombea asubuhi na jioni. Mungu akupe afya na watu wakweli kuliko mimi.

Kaka yako akupendaye, anayekuonea haya