Matundu Manane na Moja

Jumanne, 12 Agosti 2025
Wameleta injinia. Mwanamke! Anaitwa Honorata, Mhaya, katoka Dodoma na gari la serikali. Wodi ya wazazi pale zahanati inawekewa paa jipya, zito. Kwa hiyo anapima kama kuta zitabeba. Wodi niliyoijenga mimi, Ndaki, mwaka 1984! Fundi kama mimi hayupo kutoka hapa mpaka Shishiyu. Nimemwambia ukuta wangu unabeba hata tembo. Akacheka, akatoa kamera.
Kamera yenyewe haipigi sura. Inapiga joto. Anasema ukuta ukiwa na uwazi ndani, jua likiuwakia, pale juu ya uwazi panashika moto haraka kuliko penginepo. Panaonekana doa.
Nikaaga, nikaenda zangu nyumbani. Mimi, kuaga mapema!

Jumatano, 13 Agosti
Kapiga picha saa sita mchana. Chenga tupu! Kivuli cha mwarobaini kilikuwa kimekaa ukutani, upepo nao unavuma. Picha nzima mabaka, kama ngozi ya fisi. Nimecheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, hiyo kamera yako ina mtoto wa jicho.
Hakukasirika. Alisema afadhali kukosa picha kuliko kuwa na picha mbaya, maana picha mbaya itamwonyesha pazima kuwa pabovu na pabovu kuwa pazima. Kwanza lazima aipime picha yenyewe. Anataka ukuta mdogo wa majaribio, fundi afiche matundu ndani, yeye asijue yalipo. Fundi aandike orodha, aifunge kwenye bahasha. Halafu yeye atafute kwa kamera.
Fundi gani? Wote wakanitazama mimi. Wangemtazama nani mwingine?

Jumamosi, 16 Agosti
Nimejenga. Hapa hapa uani kwangu. Uso unatazama mashariki, unene wa tofali mbili. Mgongo unauma lakini mstari umenyooka kama uzi. Mboje kaja kukaa kwenye kigoda, kutazama tu. Enzi zile za kujenga wodi alikuwa kibarua wangu.
Nimeficha matundu manane. Manne karibu na uso, manne ndani zaidi. Nimeyajaza vipande vya godoro bovu, kama alivyoagiza. Nimeyaandika, bahasha nimeifunga.
Mboje alipoenda kwake nikatia la tisa. Ndani kabisa. Nimelijaza vijiti vikavu vya pamba, vile bwana shamba anavyotaka tuvichome tukishavuna. La tisa sijaliandika.
Nataka kujua tu.

Jumapili, 24 Agosti
Ukuta unakauka. Hakuna mtu. Injinia yuko mjini Bariadi anasubiri. Nimempigia Januarius, Mwanza. Iliita mpaka ikakata. Mtoto wa pekee, ana simu mbili, zote zinaita tu.
Nimepika chai. Nimetoa vikombe viwili. Miaka sita sasa tangu mke wangu Sayi afariki, mkono bado unatoa viwili. Nikarudisha kimoja.
Haya niandike, nani atasoma. 1984 saruji iliadimika. Tulipewa mifuko michache, ikaisha ukuta wa mashariki umefika kifuani. Fundi mwingine angesimamisha kazi. Mimi nilikuwa nimeapa mbele ya kijiji kwamba mvua haitanyesha kabla sijapaua. Nikajenga kuta mbili nyembamba, katikati nikashindilia udongo na vijiti vya pamba. Nje nikapiga lipu safi. Sayi alikuwa anabeba maji kichwani. Alisema maneno mawili tu: "Ndaki, mchwa."
Nikamjibu mchwa hawali kazi yangu.
Akina mama wamejifungulia chini ya ukuta ule miaka arobaini na moja.

Jumatatu, 1 Septemba
Honorata karudi. Kanisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka, guku," habari za asubuhi babu, kajifunza! Nilicheka siku nzima. Kaleta sato wa Lamadi, tumekula ugali pamoja. Anakula kama mtu wa kwetu, anakwaruza sufuria.
Kapiga picha za ukuta wangu. Bado ukungu. Anaona matano, mengine anabahatisha. Alikaa chini amechoka. Akasema kama haioni, anaandika kuwa kamera haifai kwa kuta za huku, anaondoka, wodi itapauliwa ilivyo.
Hapo ningefunga mdomo. Mdomo wangu huu! Nikamwambia: mwanangu, unapiga saa mbaya. Muulize ndama. Ndama anajua ukuta gani una moto na saa gani, ndio anaouegemea. Ukuta wa mashariki uache unywe jua toka linachomoza mpaka saa tatu, kabla ya upepo. Kisha ufunike turubai. Subiri kidogo, funua, piga.
Aliandika yote! Injinia anaandika maneno ya Ndaki!
Mboje pembeni akasema, "We Ndaki, sifa zitakuua."

Jumanne, 2 Septemba
Saa tatu tukafunika. Tukafunua. Akapiga.
Lo! Picha safi kama kiganja. Matundu ya karibu yanang'aa, ya ndani yamefifia lakini yapo, yana kingo. Anazungushia chaki. Moja, mbili... nane. Nikashusha pumzi. Akarudi kwenye kioo cha kamera, akakunja uso, akaenda kona ya chini. Duara la tisa.
Akafungua bahasha. Manane.
"Babu, hapa uliweka kitu?"
Akasema kama hamna kitu, basi kamera imeona kisichokuwepo, hawezi kuiamini, ataondoka nayo leo. Kama kipo, ni picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, na kesho asubuhi anaanza ukuta wa wodi. Kisha akauliza tena, polepole. Nikamwambia nakwenda kunywa maji.
Mboje kanifuata hadi jikoni. Eti sema hamna, tuzikwe na heshima zetu. Akasema tena, "Na yule mkwe wangu, mke wa kijana wangu, amelazwa wodini pale tangu jana. Kitanda cha ukuta wa mashariki." Kisha akatazama chini. Nadhani alikisikia mwenyewe alichosema.
Nikisema hamna, anaondoka leo. Jina langu linabaki. Na vikombe viwili, mnywaji mmoja.
Nikisema kipo, kesho wanauchimba ukuta wa wodi, wanaona vumbi la mchwa, na kila mtu mpaka Shishiyu atajua.
Naandikia jikoni, nimesimama. Kupitia mlangoni namwona. Kakaa kwenye kigoda mbele ya duara la tisa, hajafungasha chochote. Ananisubiri mimi.
Tindo iko hapa chini ya meza. Nyundo sijui Mboje kaiweka wapi.
Nimeiona. Naenda kulipasua la tisa mbele yake.