Taa za Njano za Baba

Dieppe, Oktoba

Kaka Gwenaël,

Sisi wazima. Taa nyeupe ulizotuma kutoka Montreal nilizifunga kwenye lile gari la spoti la Baba. Zinamulika hadi kanisani.

Unajua Baba akiona taa zetu hupasha supu. Jioni ya kwanza nazo nilimkuta bado dirishani, jiko baridi.

“Magari ya watu yanapita tu, wewe huji.”

“Nimeshafika, Baba. Ni taa mpya za Gwenaël.”

“Mwambie amenifichia binti yangu.”

Nimerudisha zile kuukuu za njano, usinichukie. Macho yake yamebaki kuona rangi hiyo tu, na daktari anasema ikifika Krismasi nayo itakuwa imekwenda.

Basi usingoje Krismasi. Nitakupokea stesheni, ila kuingia uani uendeshe wewe, akuone ukija.

Dadako,
Solenne