Kwa Nini Mwokaji Mikate Anamshinda Kijana wa Bandarini

Mjomba wangu uliyeko Korbesa,

Asalaam aleikum. Natanguliza dai langu ili usihangaike kulitafuta: kati ya sinema mbili za zamani za majambazi ulizotutafsiria katika ukumbi wako wa video hapa Isiolo, ile ya mzee mwokaji mikate ni bora kuliko ile ya kijana wa bandarini. Nimerudi na shahada, nimesoma vitabu vingi kuhusu sinema, na bado hoja yangu kubwa imetoka kwenye mabenchi yako.

Unakumbuka tulivyomtazama kijana wa bandarini? Alimimina risasi gati zima, watu wakaanguka kama magunia, nasi tukaendelea kutafuna njugu. Ulishika maikrofoni ukampa maneno ya vitisho, "Leo mtanitambua," ukumbi ukapiga mbinja. Tulipotoka nje hatukuwa na la kubishania.

Kisha ukatuwekea mwokaji. Mzee yule, mkuu wa genge, hakupaza sauti hata mara moja. Alimwalika adui yake, akamkatia mkate kwa mkono wake, akammiminia supu. Wafanyabiashara wa mbuzi waliojaza benchi la mbele wakalegea. Mmoja akasema, "Hapo yameisha. Ameshakula kwake." Hata wewe ulishusha sauti, ukatafsiri kana kwamba wanakaa kikao cha sulhu. Mgeni alipovuka kizingiti tu akienda zake, akapigwa risasi.

Ukumbi ulichafuka.

"Rudisha nyuma. Mzee gani anaua mgeni wake?"

Nawe, ili kumwokolea heshima, ukatangaza kwa sauti yake: "Mkate ule haukuwa wangu. Ulinunuliwa kwa jirani."

"Wacha uongo, mzee. Tumekuona ukiukanda."

Nilicheka hadi nikateleza chini ya benchi.

Sasa vijana wa mtaa wetu wamepata projekta. Siku ya Idd tutaonyesha sinema moja ukutani, na sauti tunayoitaka ni yako. Lakini ulituma ujumbe kwenye kundi la familia: "Yule kijana ni muuaji, lakini hajamlisha mtu kisha akamuua. Mwokaji simpi sauti yangu tena. Msomi, tafuta mwingine." Shangazi zangu wote wakakuunga mkono.

Kwa heshima zote, Mjomba, umekosea. Wewe unampima mtu. Mimi naipima sinema. Maiti za bandarini hazikutugharimu chochote. Kifo kimoja cha mlangoni tulikibeba hadi soko la mifugo na vibanda vya chai, watu wazima wakigombana juu ya haki ya mgeni kana kwamba marehemu alikuwa wa ukoo wetu. Na kuchukizwa kwako, ambako hakujapoa hadi leo, ndiko shahidi wangu wa kwanza.

Nikikosa sauti yako, ukutani patabaki picha na Kiingereza, na wazee wa benchi la mbele watarudi nyumbani mapema. Hilo naliogopa kuliko kushindwa hoja.

Kwa hiyo siupokei ujumbe wa simu kuwa jibu. Njoo. Kabla taa hazijazimwa, waeleze watu kwa nini mwokaji hastahili kuonyeshwa. Nami nitasimama baada yako. Wakimchagua kijana wa bandarini, nitanyamaza, nawe utamtafsiri yeye. Lakini nadai unijibu hadharani, na unijibu ukiwa Isiolo.

Mpwa wako, mbishi uliyemlea mwenyewe