Sindano Kabla ya Mechi

Jumatatu, 3 Machi

Miaka tisa ya vidonge vya kisukari, leo daktari amesema havitoshi tena. Tuanze insulini. Amesema kwa upole, kama mtu aliyenikanyaga mguu. Nikamwuliza nimekosea wapi. Hujakosea, akasema, kongosho limechoka tu. Haya! Mimi refa ndiye ninayewaonyesha watu kadi uwanjani, leo nimeonyeshwa mimi. Nimetoka na mfuko wa sindano nimeubana kwapani kama nimeuiba.

Jumanne, 4 Machi

Nimejichoma. Tumboni, vidole vitatu kutoka kitovuni. Mume wangu akaziba macho — yeye, aliyeapa atanishika mkono! Haikuuma. Mdomo nimeung'ata bure.

Ijumaa, 7 Machi

Dada amepiga simu, analia hata kabla ya salamu. Mama alianza sindano na mwaka haukuisha tukamzika. Hilo ndilo analolikumbuka. Nikamwambia mama aliikimbia sindano miaka sita, akaikubali mguu ukiwa umeshaoza. Sindano haikumuua. Ilichelewa.

Kusema kweli nilikuwa najiambia mwenyewe. Nilipokata simu nililia kidogo jikoni. Kidogo tu. Kisha nikaosha vyombo.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi ya marefa. Raundi ya sita jasho likawa la baridi, mistari ya uwanja inacheza. Nikakaa kwenye nyasi nikatafuna peremende nne kwa pupa, sukari ipande. Mshika kibendera wangu — misimu minne tunachezesha pamoja — akauliza kulikoni. Njaa, nikasema. Uongo mtupu! Miaka tisa nawaambia wenzangu sinywi soda nisije nikaharibu umbo. Umbo gani?

Nyumbani mume amekuja juu. Siku nikianguka katikati ya uwanja, anasema, watanimwagia maji wakidhani ni jua, na hakuna atakayejua cha kunipa.

Alhamisi, 13 Machi

Kliniki. Muuguzi ana maneno machache na mkono mwepesi. Siku ya mechi nipunguze dozi, ameniandikia kiasi. Nipime sukari kabla ya kuingia, nipime tena wakati wa mapumziko. Ikiwa chini ya tano, nisikimbie. Chini ya nne — juisi, nitulie robo saa, nipime tena.

"Na uwaambie unaofanya nao kazi, mama. Mimi sitakuwepo."

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia mwenyekiti wa kamati ya marefa. Alikuwa anasaini barua, kalamu ikasimama hewani.

"Si bora upumzike, dada? Uwe unachezesha watoto, Jumamosi Jumamosi."

Sauti ile ya kumjulia hali mgonjwa wodini. Damu ikanichemka. "Nipime kwa mbio, mwenyekiti. Nikishindwa, jezi naivua mwenyewe."

Akakubali: keshokutwa, saa moja asubuhi.

Jumatano, 19 Machi

NIMEPITA. Wa tatu kati ya kumi na mmoja! Wawili wa miaka ishirini na tano nimewaacha wameshikilia uzio, wanatapika. Mwenyekiti amenipa mechi ya Jumapili. Hakutabasamu, ila amenipa.

Jumapili, 23 Machi

Mapumziko. Sifuri kwa sifuri. Niko chumba cha marefa, daftari juu ya goti. Nilipoingia uwanjani sukari ilikuwa saba nukta mbili. Sasa hivi tatu nukta nane.

Juisi nimemaliza. Mshika kibendera ameshika saa. Nilimweleza yote Ijumaa. Akaniita mwongo mkubwa, halafu akauliza juisi ya aina gani.

Tatizo — mapumziko yote ni robo saa, na dakika tatu zilishaliwa na kutembea na kupima.

Msimamizi wa mechi amegonga. Timu zimeshajipanga kwenye korido. Refa wa akiba anarukaruka, anapasha misuli. Msimamizi akaona kifaa cha kupimia, akaninong'oneza: tuseme kiatu kimekatika kamba? Tuseme lolote?

Nimemwambia auache mlango wazi.

"Waambie refa ana kisukari, anasubiri kupima. Dakika tatu. Ikipanda hadi tano naingia. Isipopanda ataingia huyo wa akiba."

Kwa sauti yangu ya uwanjani. Nahodha mmoja ananichungulia, mwingine amechuchumaa kufunga kamba upya, hana haraka. Nje mashabiki wanapiga miluzi. Wapige!

Nahisi imepanda kiasi. Au najipa moyo? Sijui. Namba ndiyo itasema, si mimi, si mwenyekiti kule jukwaani.

Mshika kibendera amesema tayari. Kidole cha pete. Tone limetoka. Kifaa kinahesabu sekunde — tano, nne —