Dai Langu Kuhusu Nuru Iliyokwama

Chitete, Wilaya ya Momba,
Mkoa wa Songwe.
14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Kasiani,

Niwie radhi kwa kutanguliza dai kabla ya salamu: nuru ya kwanza ya ulimwengu ilikwama ndani ya maada kwa takriban miaka laki tatu na themanini elfu, na kusema hivyo si kumkana Mungu.

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Kitwe, na kwamba mguu wa Mama Mdogo Fortunata umepona. Sisi tu wazima, ingawa baridi imetubana.

Jumamosi iliyopita, jumuiyani, zamu ya kushirikisha Neno iliniangukia. Tulikuwa tumesoma Mwanzo, sura ya kwanza. Nilieleza kwamba joto la awali lilikuwa kali mno, elektroni zikizurura huru, na kila mwale wa nuru uligongana nazo kama mtu anayekatiza umati wa mpakani Tunduma. Ulimwengu ulipopoa hadi nyuzi elfu tatu hivi, elektroni zilitulia kwenye viini, atomu zikaundika, njia ikafunguka. Nuru ile ingali inatufikia, hafifu na baridi.

Mzee Rubeni, mwenyekiti wetu, akauliza, "Kwa hiyo, msomi, Mungu alisema iwe nuru, nuru ikamgomea?"

Watu wakacheka. Nikajibu, "Haikugoma, mzee, ilikwama. Kasome!" Hapo hakuna aliyecheka tena.

Kesho yake kanisani, tangazo la pili la ndoa yangu na Fides halikusomwa. Baba yake haitikii salamu yangu. Tarehe 28 nitahojiwa mbele ya jumuiya. Nikionekana nimeasi, posa itarudishwa. Mama anakwenda kisimani wenzake wakishaondoka.

Kinachonitisha zaidi ni sauti yako uliyoirekodi. Kwenye kundi la ukoo ulisema, "Huyo kijana amepotea," na sasa inachezwa kwenye kila simu hapa Chitete. Wewe ndiwe uliyenifundisha katekisimu. Neno lako huku ni hukumu. Je, si wewe uliyenionyesha kwamba nuru iliumbwa siku ya kwanza, na jua siku ya nne? Mimi nimeeleza tu safari ya nuru hiyo.

Ukali wangu kwa Mzee Rubeni naukiri, na nitamwomba radhi. Dai silifuti.

Msalimie Mama Mdogo na dada Gwantwa. Mungu awakinge na kila baya.

Usinijibu kwa simu, wala faraghani. Andika, utie sahihi, barua isomwe tarehe 28 mbele ya jumuiya yote: kosa langu ni lipi?

Mwanao akupendaye hata anapokuogopa,
Brayan Silwimba