Hesabu za Kipindupindu

Bangwe, Jumatano

Leo tena nimeulizwa kazi yangu ni nini, na tena nimejibu vibaya.

Aliyeuliza ni Mama Divine, mkimbizi aliyeshuka juzi kutoka Burundi, binti yake akiwa amelegea kwa kipindupindu. Mimi nilikuwa pale kwenye hema la wagonjwa, kando ya ziwa, kumtafsiria nesi, maana Kiha changu na Kirundi chao vinasikilizana. Nikamweleza kwamba chuoni natafuta hesabu za jinsi bakteria wa ugonjwa huu wanavyopashana habari. Kila mmoja hutoa kemikali. Ikizidi, wote hujua kwamba wameshakuwa wengi, na jeni zao zinazotengeneza sumu hujizima.

"Zikizimwa wanafanya nini?"

"Wanatoka mwilini."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwenye maji, mama."

Akawatazama watu waliokuwa wakiteka maji ziwani, kisha akanitazama mimi. "Na hizo hesabu zinasema mwanangu atapona?"

Nikasema hazisemi, zinahusu bakteria tu. Ni jibu sahihi kabisa. Nililichukia papo hapo.

Nikampakata mtoto, mama yake akawa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Niliogopa sana.

Alasiri Divine akakojoa, mapajani mwangu. Nesi akasema hiyo ni dalili njema, maji yameanza kumrudia mwilini. Mama Divine akaniomba radhi huku akilia na kucheka.

Nikamwambia anyamaze, mtoto amalize kukojoa.