Tiketi za Levina

Mtawanya, Jumapili

Mdogo wangu Magreth,

Huku hatujambo, shemeji yako kapata kibarua bandarini. Umesikia mambo ya Levina wangu? Hapo chuoni Dar yeye ndiye aliyewatafutia wenzake tiketi za punguzo za kule kwenye mabembea makubwa. Bei ilishuka kwa ulimi wake tu. Kichwa kile ni cha kwetu! Nikawatumia na korosho za kukaanga, wale njiani.

Jana wamekwenda bila yeye. Eti, "Wewe baki, Kiswahili chako cha Mtwara kitatutia aibu." Na korosho wamebeba. Alinipigia analia, kisha akazima simu. Hadi sasa hapatikani, nami huku sina la kufanya. Nenda ukamgongee mlango, Magreth. Asipofungua, kaa hapo hapo nje.

Dada yako anayekutegemea,
Mama Levina